Je, Vyuma Humgeuza Mwanamke Kuwa Mwanamume?

 

Leo tunalo jambo ambalo akina mama wengi hulikwepa. Mwambie mama aliyeongeza uzito atembee kwa miguu kila asubuhi, atakubali. Mwambie apunguze chapati na soda, atanung'unika lakini atajaribu. Sasa mwambie anyanyue vyuma. Atacheka kwanza, halafu atakuuliza kama unataka atoke mabega ya kipakuzi cha mizigo wa stesheni. Mume wake naye hatapendezwa, na mama mkwe ndiye usiseme.

Swali hilo la mabega si la kuchekwa. Limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja, tena mbali na hapa kwetu, na halikujibiwa kwa maneno. Lilijibiwa kwa mizani, kwa utepe wa kupimia na kwa matangi ya maji. Nitawaeleza lilivyojibiwa, halafu tutarudi nyumbani.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu miili ya akina mama wa Kenya imebadilika upesi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2008-09, mwanamke mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliozidi kiasi. Uchunguzi huo uliporudiwa mwaka 2014, alikuwa mmoja kati ya watatu. Nyuma ya hesabu hizo kuna kisukari, kuna shinikizo la damu, kuna magoti yanayouma usiku. Na mama anapoamua kupambana, silaha yake ya kwanza huwa ni njaa. Anaruka chakula cha mchana, anashindia chai ya rangi, mizani inateremka kilo nne, anafurahi. Asichoambiwa ni kwamba zile kilo nne si mafuta matupu. Sehemu yake ni misuli. Na misuli ikienda bila kurudishwa, siku moja uzeeni ataitafuta nguvu ya kuinuka kitini asiipate.

Haya, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1873, daktari mmoja wa Boston nchini Marekani, Edward Clarke, aliyewahi kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kilichosomwa sana. Alidai kwamba nguvu za msichana zina kikomo. Akizimalizia kwenye masomo mazito, via vyake vya uzazi vitapungukiwa. Hebu fikiria. Kama kitabu tu kiliogopwa hivyo, chuma kingeogopwa namna gani? Madaktari wa wakati ule waliwaruhusu wanawake mazoezi mepesi, kuzungusha mikono na kushika vijiti vya mbao, bora wasitoke jasho jingi.

Hofu hiyo ilikaa sana. Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Baadhi yao walipoonekana wamechoka baada ya utepe, magazeti yakapiga kelele, na mbio hizo zikaondolewa kwa wanawake hadi Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Ndizo mbio zile zile ambazo Pamela Jelimo alituletea dhahabu kutoka Beijing mwaka 2008, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja ambapo wanawake walinyanyua vitu vizito hadharani, na watu wakalipa kiingilio kuwatazama. Mahali hapo ni kwenye sarakasi. Aliyevuma kuliko wote alikuwa Katie Sandwina, aliyezaliwa mwaka 1884 katika familia ya wanasarakasi huko Vienna, Austria. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kumwinua mumewe, Max Heymann, juu ya kichwa kwa mkono mmoja, naye mume alikuwa mtu mzima wa kilo 75 hivi. Alizaa watoto wawili wa kiume na akaendelea na kazi. Mwaka 1912, wanawake wa sarakasi ya Barnum & Bailey walipounda chama cha kudai haki ya kupiga kura, yeye alikuwa mmoja wa viongozi wake.

Ungedhani Sandwina peke yake angetosha kuondoa hofu ya Daktari Clarke. Haikuwa hivyo. Alikuwa mrefu, mpana, mwenye umbo la kushangaza, na waliomtazama walikwenda nyumbani wakisema yule kaumbwa hivyo, si kama sisi. Kioja hakimfundishi mtu. Mwanamke wa kawaida, wa kimo cha kawaida na kazi ya kawaida, alihitaji kumwona mwenzake.

Mwenzake huyo alitokea California katika miaka ya 1930. Aliitwa Abbye Eville, baadaye Abbye Stockton, lakini tangu utotoni baba yake alimpa jina la utani ambalo kwa Kiswahili chetu cha mitaani tungesema Kibonge. Alizaliwa mwaka 1917. Alipomaliza shule aliajiriwa kuunganisha simu, kazi ya kukaa kitako siku nzima, na kama inavyowapata wengi wanaofanya kazi za kukaa leo pale Nairobi na Mombasa, nguo zikaanza kumbana. Rafiki yake Les Stockton, ambaye baadaye alimwoa, akampa vyuma vidogo vya mkononi. Mwanzoni hakuvipenda. Halafu akaanza kuona tofauti.

Kufikia miaka ya 1940 alikuwa akionyesha nguvu zake kwenye ufuo wa Santa Monica, pale walipopaita Ufuo wa Misuli. Alikuwa na uzito wa kilo 52 hivi, mwanamke mdogo wa kimo, kiuno chembamba, na picha zake zilijaa kwenye majarida. Kuanzia mwaka 1944 aliandika makala za mazoezi ya wanawake katika jarida moja la wanyanyua vyuma. Mwaka 1947 alisaidia kuandaa mashindano rasmi ya kwanza ya wanawake huko Los Angeles, na yeye mwenyewe akainua kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa uzito wa kilo 61. Angalia hesabu hiyo: kilo 61 mikononi mwa mtu wa kilo 52. Mwaka 1948 akafungua ukumbi wa mazoezi kwa ajili ya wanawake. Aliishi hadi mwaka 2006.

Kwa maoni yangu, picha za mama huyo zilifanya kazi kubwa kuliko hotuba mia. Hata hivyo, picha si ushahidi. Mtu anaweza kusema, huyo ni mmoja, tena mrembo wa kuzaliwa. Ili kujua vyuma vinafanya nini ndani ya mwili wa mwanamke, ilibidi kwanza ipatikane njia ya kutenganisha mafuta na misuli bila kumpasua mtu.

Na hapo ndipo yanapoingia matangi ya maji niliyoyataja.

Kila mama anajua kwamba ukipika mchuzi wa nyama, mafuta hupanda juu. Nyama hubaki chini. Mafuta ni mepesi kuliko maji, misuli ni mizito kidogo kuliko maji, na mifupa ni mizito zaidi. Basi ukimketisha mtu kwenye kiti kinachoning'inia kwenye mizani, ukamwambia atoe pumzi yote, ukamzamisha mwili mzima kwenye tangi, mizani itakuambia. Mwenye mafuta mengi ataelekea kuelea, na uzito wake majini utakuwa mdogo. Mwenye misuli mingi atazama. Kutokana na hapo hesabu hufanywa, na daktari hupata kiasi cha mafuta.

Daktari wa jeshi la majini la Marekani, Albert Behnke, aliitumia njia hiyo na kutoa matokeo yake mwaka 1942. Pamoja na mwenzake aliwapima wachezaji 25 wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatia mpira na kugongana. Kwa majedwali ya urefu na uzito yaliyotumika wakati ule, 17 kati yao wangekataliwa jeshini kwa unene. Walipopimwa majini, 11 kati ya hao 17 walionekana wana mafuta machache sana. Ule uzito ulikuwa misuli. Yaani mizani ilikuwa ikiwasingizia.

Nataka uyashike hayo, msikilizaji, kwa sababu mizani ile ile ndiyo iliyoko pale kliniki, na ndiyo mama huipanda huku akishika roho mkononi. Mizani hujumlisha kila kitu: mafuta, misuli, mifupa, maji, hata uji wa asubuhi. Haiwezi kukuambia ni kipi kimepungua.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1945, daktari mwingine wa jeshi, Thomas DeLorme, alieleza jinsi alivyowatibu askari waliodhoofika miguu katika hospitali moja ya jeshi huko Chicago. Kabla yake, majeruhi walipewa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi sana. DeLorme aliwapa uzito mkubwa, mara chache, na kila juma akaongeza. Misuli ikarudi. Kanuni yake ni rahisi na ndiyo inayotumika hadi leo: msuli hukua pale tu unapoombwa kufanya kidogo zaidi ya ulivyozoea, na ukishazoea, lazima uombwe tena. Tutaihitaji kanuni hiyo tutakapofika nyumbani.

Wote hao walikuwa wanaume, askari na wachezaji. Wanawake walisubiri mpaka miaka ya 1970. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyozuia ubaguzi wa wasichana katika shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali, na milango ya michezo ikafunguka. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, mtaalamu wa mazoezi Jack Wilmore akatoa utafiti ambao, kwangu mimi, ndio unaojibu lile swali la mabega.

Alichukua wanawake 47 na wanaume 26. Wote wakanyanyua vyuma kwa juma 10, siku mbili kwa juma, dakika 40 kila siku. Mwisho wake, uzito wa wanawake kwenye mizani haukubadilika. Kama mizani ingekuwa hakimu, ungesema wamepoteza muda wao. Lakini ndani, mafuta yalikuwa yamepungua na misuli imeongezeka, na mabadiliko hayo yalikaribiana sana kwa wanawake na wanaume. Nguvu pia ziliongezeka kwa wote. Tofauti ilikuwa moja: kuvimba kwa misuli. Wanaume walitanuka wazi. Wanawake walipata nguvu bila kutanuka namna ile.

Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio walirudi kwenye jambo hilo kwa undani zaidi. Waliwapa wanawake mazoezi mazito ya miguu, mara mbili kwa juma kwa juma 20. Waliofika mwisho walikuwa 24. Waliwatoa vipande vidogo vya msuli wa paja na kuvitazama kwa darubini. Nyuzi za msuli zilikuwa zimenenepa kweli. Asilimia ya mafuta ilikuwa imeshuka. Na mzunguko wa paja, ule unaopimwa kwa utepe wa fundi cherehani? Haukubadilika. Msuli ulikuwa umechukua nafasi ya mafuta ndani ya suruali ile ile.

Sasa kwa nini mwanamke asitanuke kama mwanamume? Jibu kubwa liko kwenye homoni inayoitwa testosteroni. Wanaume wanayo mara 15 hivi kuliko wanawake. Ndiyo inayowapa vijana sauti nzito, ndevu na mabega wanapobalehe. Mwanamke anayo pia, lakini kidogo, na kunyanyua chuma hakumwongezei ya kumbadilisha umbo. Zile picha za wanawake wenye mishipa iliyotokeza kama kamba na mashavu ya kiume, zinazowatisha watu, mara nyingi zina siri nyingine: dawa za homoni zinazochomwa au kumezwa, tena kwa miaka, juu ya mazoezi ya saa nyingi. Dawa hizo zina madhara makubwa kwa ini, moyo na hedhi. Tusilaumu chuma kwa kosa la sindano.

Ukitaka ushahidi wa macho, ulikuwepo Sydney mwaka 2000, Olimpiki ya kwanza iliyowaruhusu wanawake kushindana kunyanyua uzito. Dahabu ya daraja la wepesi kabisa, kilo 48, ilikwenda kwa Tara Nott wa Marekani. Mwanamke asiyezidi kilo 48 aliinua juu ya kichwa kilo 102.5, yaani magunia mawili ya saruji na zaidi. Katika daraja la kilo 75, fedha ilikwenda kwa Mwafrika mwenzetu, Ruth Ogbeifo wa Nigeria.

Hapa najua kuna mama, pengine yuko Nyakach, pengine Murang'a, anayeniuliza kwa hasira kidogo: "Wewe unayesema hapo, mimi nimebeba maji na kuni tangu nikiwa na miaka saba. Vyuma gani tena?"

Mama, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na limepimwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1986, Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake kutoka ng'ambo walitoa makala katika jarida mashuhuri la sayansi la Uingereza, Nature. Waliwapima wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani juu ya ngata, na wanawake wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Walitembea huku wakipimwa hewa ya oksijeni wanayotumia, maana oksijeni ndiyo kipimo cha kazi inayofanywa na mwili. Matokeo yaliwashangaza wanasayansi wa dunia. Mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, mathalani kilo 12 kwa mama wa kilo 60, haukuwagharimu chochote cha ziada. Walitumia oksijeni kana kwamba hawajabeba kitu. Mwaka 1995 baadhi ya watafiti wale wakaeleza siri yake: chini ya mzigo, mwendo wa akina mama hao hubembea kama pendulamu ya saa, na nguvu ya hatua moja huokolewa kuisaidia hatua inayofuata. Siwezi kukuficha kwamba waliopima wanawake wa Afrika Kusini mwaka 2010 hawakuona maajabu hayo kwa kila mtu. Wengine walikuwa nayo, wengine hawakuwa nayo.

Ni ustadi wa kujivunia. Lakini tazama maana yake kwa mazungumzo yetu. Mwili wa mama huyo umejifunza kubeba bila kutumia nguvu. Kila siku mtungi ni ule ule wa lita 20, njia ni ile ile, na msuli hauombwi chochote kipya. Kumbuka kanuni ya DeLorme. Mzigo usioongezeka humtunza mtu pale alipo, haumpandishi. Tena mzigo wa kuni hukandamiza shingo na mgongo saa nzima, mchovu asichovu, wakati zoezi la chuma ni dakika chache, mgongo umenyooka, halafu unaweka chini na kupumzika. Kwa hiyo simwambii mama wa Nyakach kwamba hafanyi kazi. Namwambia kazi imemzoea.

Na binti yake aliyehamia mjini, akafungua duka la M-Pesa au kuajiriwa ofisini, hana hata ule mtungi. Maji yako bombani, kuni zimekuwa gesi. Chakula cha mama yake bado anakila, pamoja na chipsi juu yake.

Kwa huyo binti, utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2007 na Kathryn Schmitz na wenzake unafaa kusikilizwa kwa makini. Walikuwa wanawake 164 wenye uzito uliozidi, wa umri wa miaka 25 hadi 44. Nusu walipewa mazoezi ya kunyanyua uzito mara mbili kwa juma, nusu wakapewa vijitabu vya ushauri. Wakafuatwa miaka miwili. Hakuna aliyeamriwa kufunga chakula. Sasa yako mafuta ya aina mbili tumboni: yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, na yale ya ndani yanayozunguka utumbo na ini, ambayo ndiyo ndugu wa kisukari na ugonjwa wa moyo. Kwa wale wa vijitabu, mafuta ya ndani yaliongezeka kwa asilimia 21 katika miaka hiyo miwili. Kwa wanyanyuaji yaliongezeka kwa asilimia 7.

Umesikia vizuri. Yaliongezeka, ila kwa thuluthi tu ya kasi. Nayasema hivyo makusudi, kwa sababu wako wauzaji wa mashine na dawa wanaoahidi tumbo bapa kwa mwezi mmoja. Vyuma si dawa ya kuteremsha kilo. Kilo huteremshwa zaidi na kinachoingia sahanini. Kazi ya vyuma ni kuhakikisha kwamba unapopunguza chakula, kinachoondoka ni mafuta na misuli inabaki.

Na sasa akina nyanya. Baada ya hedhi kukoma, mwanamke hupoteza misuli na mifupa kwa haraka, na kuvunjika nyonga kumewalaza wengi wasiinuke tena. Mwaka 1990, huko Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee dhaifu 10 kutoka nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri ukiwa miaka 90. Waliwapa mazoezi mazito ya mapaja kwa juma nane. Nguvu zao ziliongezeka kwa asilimia 174 kwa wastani, misuli ya paja ikanenepa kwa asilimia 9, na wawili wakaacha kutumia bakora. Umri wa miaka tisini! Ukimsikia mtu wa hamsini akisema amezeeka kwa mazoezi, msimulie hayo.

Kuhusu mifupa, Chuo Kikuu cha Griffith nchini Australia kilitoa utafiti mwaka 2018 uliohusu wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua uzito. Wale walionyanyua vyuma vizito chini ya macho ya mkufunzi, nusu saa mara mbili kwa juma kwa miezi minane, mifupa ya uti wa mgongo iliongezeka uimara kwa karibu asilimia 3. Waliofanya mazoezi mepesi ya nyumbani, ilipungua kwa kiasi cha asilimia 1. Zamani tungewaambia wasibebe chochote. Nisisitize neno mkufunzi: mwenye mifupa hafifu asijaribu uzito mkubwa peke yake.

Basi mama afanyeje, kama hana fedha za jimu? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 na ule wa 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma, mbali na kutembea. Anza na kiti. Keti, simama bila kushika, rudia mara nane hadi kumi na mbili. Ikiwa rahisi, shika mkebe au jerikeni la lita tano kifuani. Maji ya lita tano ni kilo tano kamili. Jerikeni mbili, moja kila mkono, ziinue kutoka sakafuni kwa kukunja magoti, si kwa kupinda mgongo. Sukuma ukuta, baadaye meza, baadaye sakafu. Vuta jerikeni hadi mbavuni huku umeinama na mkono mwingine umeshika kiti. Mara mbili za mwisho katika kila zoezi ziwe ngumu kweli. Kama zote ni nyepesi, ongeza maji. Vuta pumzi, usiizuie. Kati ya siku moja na nyingine ya mazoezi, pumzika.

Mwenye shinikizo la damu lisilotulia, maumivu ya kifua, henia, aliyejifungua au kufanyiwa upasuaji karibuni, au mjamzito, apite kwanza kituo cha afya aulize. Na msuli hujengwa kwa chakula: maharagwe, ndengu, mayai, omena, maziwa lala. Ukinyanyua huku unashindia chai ya rangi, unajenga nyumba bila mawe.

Kabla ya kuanza, chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno chako usawa wa kitovu, na uhesabu ni mara ngapi unaweza kusimama kutoka kwenye kiti kwa nusu dakika. Andika nyuma ya kalenda. Mizani iache ipumzike. Pima tena baada ya juma 10, kama wale wanawake 47 wa mwaka 1974, na utuandikie umepata nini. Barua zenu tutazisoma hapa hapa, na juma lijalo tutazungumzia magoti. Kwaherini.